Mkwe Aliyepiga Sakafu ya Jua

Kulikuwa na wakati Jua lilikuwa halitikisiki. Liliwaka kama linavyowaka leo na liliunguza migongo ya wakulima kama leo, lakini ndani yake palikuwa kimya, na usoni mwake hapakupita wimbi hata la kuyumbisha kijiti. Siku hizi watu wa darubini wanatuambia kwamba moto mkubwa ukifyatuka kwenye Jua, baada ya muda uso wake huanza kutoa duara nje ya duara, kama bwawa lililotupiwa jiwe, na tumbo lake hutetemeka. Wameona vizuri. Kuona ni kazi yao. Kueleza ilianzaje ni kazi yangu, kwa hiyo kaeni, na huyo anayetafuna muwa akateme makapi nje kwanza.

Jua ni nyumba. Katikati kabisa, chini, kuna jiko. Juu kuna ua. Sakafu ya ua ndiyo ule uso tunaouona kutoka huku, na sakafu hiyohiyo ndiyo dari ya jiko. Likumbukeni hilo, maana mambo yote yalitokea hapo.

Jikoni aliishi mama mmoja aitwaye Namkunda. Kazi yake ilikuwa kukoka moto na kukoroga, na hakuwahi kulala hata siku moja, wala hakulalamika, jambo ambalo wengine hapa mngejifunza. Alichokipika kilitokota mpaka mapovu yake yakapanda na kupasuka uani, kisha kile kilichopoa kikazama tena jikoni. Ukilitazama Jua kwa vyombo vinavyofaa, uso wake ni kama sufuria ya uji inayochemka. Huo ni mkono wa Namkunda.

Alikuwa na binti mmoja, Nakijwa. Nakijwa aliolewa na Kajiru, msokota kamba. Kwa kawaida mwanamume huoa akaondoka na mke, lakini Jua halina kiwanja kingine, hivyo Kajiru akapewa ua wa juu. Msiniulize mbona watu hao hawakuungua. Walikuwa watu wa huko, na joto lile lilikuwa hewa yao.

Kazi ya Kajiru haikuwa ndogo. Joto la jiko lilikuwa linasukuma nje saa zote, na bila kamba nyumba ingefumuka. Yeye alisokota kamba za moto, nene kuliko milima, akazikunja kama upinde, na kila kamba akaizika miguu miwili sakafuni. Pale mguu wa kamba ulipozikwa, sakafu ilipoa kidogo ikawa nyeusi. Ndiyo yale madoa ya Jua mnayosoma shuleni.

Basi, kulikuwa na desturi. Mtu hazungumzi na mama wa mke wake. Hamtazami usoni, hamwiti jina, hapiti alipo. Siku hizi mkwe anapigiwa simu asubuhi kuulizwa kama ameiona chaja, lakini zamani ukimwona mama mkwe njiani unaingia kwenye mahindi, hata kama mahindi si yako. Kajiru aliishika desturi hiyo kuliko mtu yeyote, na taabu yake ilikuwa moja: mkwe wake aliishi chini ya miguu yake. Kila hatua aliyopiga uani ilikuwa juu ya kichwa cha mama wa mkewe. Kwa hiyo alitembea kwa ncha za vidole. Kamba nzito aliziweka chini taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Akipiga chafya, alipiga kwenye kiwiko. Jua lilikuwa kimya kwa sababu ya adabu ya mwanamume mmoja.

Kulipokuwa na neno la lazima kati ya ua na jiko, Nakijwa ndiye aliyelibeba. Sauti haikufika, ule umbali si wa kuitana. Alishuka ngazi, akamwambia mama yake kwamba kamba zimeanza kukaza apunguze kukoroga, akapanda na jibu. Maana kamba zile zilikuwa na tabia yake. Namkunda akikoroga kwa nguvu, mapovu yaliiburura miguu ya kamba huku na huku, na kamba ikazidi kusokotwa bila mtu kuigusa. Na kamba iliyozidi kusokotwa, kila aliyewahi kusokota anajua, hujipinda yenyewe ikafanya mafundo, na ukiendelea hukatika na kukuchapa.

Mambo yalikwenda hivyo miaka isiyohesabika. Kisha Nakijwa akajifungua.

Alijifungua mtoto wa kike, salama, ingawa ilimchosha sana. Akaingizwa katika kibanda cha uzazi katikati ya ua, akae siku arobaini bila kutoka, kama inavyopasa. Na kule jikoni Namkunda, aliyekuwa anaihesabu miezi, alipoona binti hashuki tena ngazi alijua kwamba amepata mjukuu, akafanya kile ambacho mama yeyote wa mzazi hufanya. Alianza kupika mtori.

Mtori wa mzazi si chakula cha mzaha. Ndizi zinapondwa mpaka zisahau kwamba zilikuwa ndizi, na mwiko hauondoki chunguni. Namkunda alikoka moto ambao hajawahi kuukoka, akakoroga kwa mikono miwili. Chungu kilipoiva alikiweka juu ya povu, povu likakipandisha mpaka mlangoni mwa kibanda. Nakijwa alikula, na chungu kitupu kikazama tena pamoja na kile kilichopoa. Asubuhi chungu, mchana chungu, jioni chungu. Mwenyewe hakupanda kumwona mtoto, kwanza kwa sababu moto ule hauachwi peke yake, na pili kwa sababu juu kulikuwa na mkwe.

Siku ya sita Kajiru aliona kamba zote za uani zimeanza kukaza. Siku ya nane zilikuwa zinanguruma. Siku ya tisa kamba kubwa kuliko zote ilijipinda ikafanya fundo, na kamba hiyo ndiyo iliyopita juu ya kibanda cha uzazi, mguu mmoja upande huu na mwingine upande ule, mke na mtoto wake katikati.

Mnaniambia angewahamisha. Awahamishie wapi? Ua mzima ulikuwa na kamba, na kila kamba ilikuwa inakaza. Angewatoa chini ya moja akawalaza chini ya nyingine.

Alimweleza mkewe. Nakijwa akasema atashuka kumwambia mama. Akajifunga kitambaa tumboni, akashika ukuta, akaanza ngazi. Ngazi ya tatu magoti yalimwisha na damu ikaanza kushuka. Kajiru alimbeba akamrudisha kitandani, na kuanzia hapo suala la kushuka halikutajwa tena.

Akabaki yeye, na yeye hakuwa na mdomo kwa mkwe wake. Alimtuma Mwanga. Mwanga alikuwa mpita njia wa nyumba ile, huku na huku, kila mara safarini. Alikubali vizuri tu, akapokea ujumbe, akaingia njiani. Lakini Mwanga akiwa ndani ya Jua si huyu mnayemjua nyinyi, anayefika machoni kabla hujafumba. Mle ndani kuna msongamano. Anamgonga huyu, anarudishwa na yule, anazunguka, anasahau alikuwa anaelekea wapi. Ujumbe wa Kajiru sijasikia kama umefika mpaka leo.

Ndipo akafanya kosa. Mchana wa siku ya kumi chungu kilipopanda, Kajiru alimwambia mkewe asikimalize. Aliona kwamba kikirudi nusu, mama atafahamu kuwa vyakula vimezidi na atapunguza moto. Haya ni mawazo ya mtu ambaye hajawahi kumpikia mzazi. Chungu kilipofika jikoni na nusu ya mtori ndani yake, Namkunda alikitazama akajua jambo moja tu: mwanangu hali, na mzazi asiyekula anakufa. Au mtori haukupondwa vya kutosha. Akaongeza kuni. Akakoroga kwa hasira ya mtu aliyeogopa.

Jioni ile fundo la kamba kubwa likawa mafundo mawili, kisha matatu. Kibanda kilikuwa kinatoa mlio. Kajiru alisimama nje akiitazama kazi ya mikono yake, na kwa kuwa alikuwa fundi, hakujidanganya. Kamba ile ingekatika yenyewe kabla mapovu mengine hayajapanda. Ikikatika yenyewe, hakuna anayejua itachapa wapi, na kibanda kilikuwa chini yake. Ila kulikuwa na njia. Kamba ikikatwa kwa mkono, palepale kwenye kilele cha upinde, nusu ya nguvu yake hufyatuka nje angani, na nusu nyingine hushuka na miguu yake, wima, ikapiga sakafu pale ilipozikwa. Kibanda kingebaki katikati bila kuguswa.

Lakini ingepiga sakafu. Na sakafu ilikuwa dari ya mkwe.

Kwa watu wale, kumpigia mama mkwe dari lilikuwa tusi lisilo na tafsiri mbili. Mtu akilifanya, ndoa imekwisha. Mke anarudishwa kwao na mtoto wake, na mwanamume anatafuta pengine pa kwenda, ambapo Kajiru hakuwa napo. Aliyafikiria hayo yote akiwa na shoka mkononi. Kisha akaweka shoka chini, taratibu, kwa mazoea.

Nakijwa alikuwa anamtazama kupitia mlangoni. Mtoto alikuwa kifuani kwake, ananyonya bila habari.

"Unangoja nini?" akamuuliza.

Kajiru akasema kwamba hawezi kumpiga mama kichwani.

"Mama yangu ana miaka mingi jikoni," Nakijwa akasema. "Ameangukiwa na vyungu, ameungua, amezika mume. Hafi kwa kelele. Huyu ndiye atakayekufa, mume wangu, na atakufa kwa adabu yako."

Kajiru akasema, "Atakuchukua. Atawachukua wote wawili."

"Basi atuchukue wazima."

Kajiru akaokota shoka. Akapanda mgongo wa kamba mpaka kileleni, joto la kamba likimuunguza hata yeye aliyelizoea, akakata.

Moto uliotoka nje ulikuwa mkubwa kuliko wowote uliowahi kuonekana. Ulikwenda angani ukapita huko ulikopita, na watu wa huku duniani walifunika macho. Hilo ndilo waliloliona na ndilo walilolisimulia. Ile nusu nyingine hawakuiona. Ilishuka kwa miguu miwili ya kamba kwa mkupuo mmoja, ikatua sakafuni, na sakafu ya Jua, ambayo tangu iwekwe haikuwahi kukanyagwa kwa kisigino, ikabonyea kama godoro. Kishindo kikaingia ndani. Kikazama, na kadiri kilivyozama ndivyo kilivyokwenda mbio zaidi, maana chini ni moto zaidi na njia ni nyepesi.

Uani kibanda kilikuwa kimesimama. Mtoto alikuwa ameachia ziwa akilia kwa sauti yake yote, na kilio hicho Kajiru alikisikia kutoka alikoangukia kamba ilipofyatuka, akajua kwamba yuko hai. Hakuingia ndani. Alikaa kitako pale alipokuwa, akaviweka viganja sakafuni, akangoja kuhukumiwa.

Alingoja muda wa kuivisha chungu kimoja cha mtori. Ni muda mrefu kwa mtu aliyekaa namna ile. Nakijwa alimwita mara moja aje amwone mtoto. Akajibu, "Ngoja kwanza nijue kama bado ni wangu."

Kule jikoni kishindo kilipofika, vyungu viliruka kwenye mafiga. Namkunda alikuwa ameshika mwiko kwa mikono miwili, akaushika hivyohivyo hewani, akainua uso kutazama dari. Miaka yote ile alikuwa ameishi chini ya mwanamume ambaye hakuwahi kumsikia. Wakati mwingine alimuuliza binti yake kama kweli ameolewa au anamdanganya mama yake. Sasa dari ilikuwa imepigwa mara mbili, pande mbili, kwa kipimo, kama mtu anayejua anachopiga. Haikuwa kupiga kwa hasira. Mwanamke aliyekaa jikoni muda mrefu anaitambua sauti ya chombo kilichoanguka na sauti ya chombo kilichobamizwa, na anaitambua sauti ya mtu anayeomba msaada kwa aibu.

Akakiangalia chungu kilichorudi nusu. Akaufikiria moto wake. Akazichomoa kuni, gogo kwa gogo, na kusema peke yake, "Kumbe kijana ana miguu."

Kisha akageuza mwiko, akapiga mara moja.

Kile kishindo kilichoshuka kikageuka na pigo lake kikapanda. Kilichorudi mapema kikatokea karibu na pale kamba ilipokatwa, kilichofika mbali zaidi kikatokea mbali zaidi. Kajiru alikiona kikija. Alihisi sakafu inainuka chini ya viganja vyake, kisha inashuka, na duara la kwanza likamtoka na kwenda zake, kisha la pili, kisha la tatu. Wimbi la bwawa huchoka likienda. Haya yaliongeza mwendo. Lililotokea mbali lilikuwa limepita karibu na jiko zaidi, na kinachopita karibu na Namkunda hutoka kikikimbia. Ua mzima ukayumba. Kibanda kikayumba nacho, na mtoto, ambaye baba yake alishindwa kumnyamazisha kwa kuwa hakuingia, akanyamaza mwenyewe.

Kajiru hakujua kuyasoma mawimbi yale. Alijua tu kwamba yamejibu. Jibu lenyewe likaja nyuma yake, juu ya povu dogo lililopanda polepole, bila haraka ile ya siku kumi. Kilikuwa chungu. Mtori ulikuwa umefika nusu tu, na mwepesi, wa kunywa. Juu yake palikuwa na jani la mgomba lililokunjwa, na ndani ya jani palikuwa na firigisi moja ya kuku, imechomwa vizuri, imetiwa chumvi.

Nanyi mnajua firigisi haipewi mtu hivihivi. Haipelekwi kwa mzazi, wala kwa mtoto, wala kwa mwizi wa mahindi. Ni ya mwanamume wa nyumba anayeheshimiwa, na mama mkwe anapoituma amesema maneno mengi bila kufungua mdomo. Kuku wa Juani wanakula nini sijui, msinisumbue.

Nakijwa alilifunua jani, akacheka mpaka akashika tumbo, akamwambia mumewe aingie ndani ale kabla haijapoa. Akaingia. Inasemekana aliila akiwa amesimama, ameelekea ukutani, machozi yakimtoka, lakini hilo silisimulii kwa sababu halina faida. Lenye faida ni kwamba kamba zote zilizobaki zililegea kabla ya siku kuisha, kwa kuwa moto wa jiko ulikuwa umepunguzwa, na mtoto yule alitimiza arobaini akatolewa nje akapewa jina la bibi yake.

Na tangu siku hiyo Kajiru hatumi mtu tena. Kamba ikizidi kusokotwa anapanda na kuikata. Akikata juu mno, nguvu yote inakwenda nje na sakafu haiguswi, ndiyo maana si kila moto wa Jua unaofuatwa na mtetemeko. Akikata panapofaa, sakafu inapigwa, kishindo kinashuka, na baada ya muda wa chungu kimoja maduara yanatokea usoni mwa Jua na kukimbia. Mama mkwe na mkwe wake hawajaonana uso kwa uso mpaka leo, na hakuna anayeona kasoro.

Sisi huku tunaushangaa ule moto uliotoka nje. Tunaona anga limebadilika rangi huko kwenye nchi za baridi, redio zinakoroma, tunasema Jua limekasirika. Huo ni nusu iliyotupwa. Nusu yenye maneno imekwenda upande mwingine, ndani, kwa mwanamke mwenye jiko, na yeye hajawahi kuacha kujibu.